Mbwa Aliyependa Paka Kupita Kiasi

Mtoto wa mbwa akiingia nyumbani kwenu siku ya kwanza, msihangaike naye. Hangaikeni na paka. Mbwa mchanga hana cha kupoteza. Amekuja na tumbo lake na meno yake, na kila anachokiona anadhani ni chake. Paka ndiye mwenye nyumba. Ana kiti chake, ana dirisha lake, ana saa zake za kulala, na leo mmemletea mgeni anayekojoa kwenye zulia. Mkimuudhi paka siku hiyo, mtahangaika mwaka mzima kuurudisha moyo wake.

Nawaandikia ninyi vijana wetu wa Stockholm mlioniuliza, kwenye mikutano yetu ya Jumamosi, kazi niliyostaafu ilikuwa kazi gani hasa. Mmoja wenu amekubaliwa kumlea mtoto wa mbwa mwongozaji, na kwao kuna paka wawili na sungura. Mama yake amenijia ameshika kichwa. Basi nitawasimulia kwa Kiswahili, nanyi mtanijibu kwa Kiswidi kama ilivyo kawaida yenu. Tutaelewana tu.

Mimi na mume wangu Zakaria tulitoka Singida tukafika hapa mwaka ule ule Waswidi walipoyahamisha magari yao kutoka kushoto mwa barabara kwenda kulia. Tulizoea kushoto, tukafika wakati wenyeji nao walizoea kushoto, kwa hiyo sote tulikuwa washamba wa barabara pamoja. Zakaria alikuja kujifunza ufundi kwenye kiwanda cha malori kule Södertälje. Mimi nilipata kibarua cha kufagia mabanda kwenye shule ya mbwa nje ya mji, shule inayowafundisha mbwa kuwaongoza watu wasioona. Baadaye wakanipa watoto wa mbwa niwalee nyumbani kwetu Hagsätra, na mwisho nikawa mtu wa kuzitembelea nyumba nyingine zilizolea. Nilistaafu nikiwa kwenye kazi hiyo hiyo.

Bosi wangu alikuwa Holger. Nilipoanza alikuwa anaitwa kwa cheo chake hata ukisema naye uso kwa uso, "Bwana Mkufunzi anataka ndoo?", lakini miaka ile ile Waswidi wakaacha kuitana kwa vyeo, na siku moja akasimama mlangoni pa banda, amejikaza kama mtu anayemeza dawa, akasema, "Kuanzia leo mimi ni Holger tu." Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa amefundisha mbwa wa jeshi. Njia yake ilikuwa moja: mbwa akikosea, kamba inavutwa kwa nguvu na sauti inapanda. Nawaambia hili mapema kwa sababu baadaye mtaona alivyobadilika, na mtu mzima kama yule kubadilisha mkono wake si jambo dogo.

Shule ilipenda nyumba zenye paka. Sababu ni rahisi. Mtu asiyeona ameshika mpini uliofungwa kwenye mkanda wa mbwa. Paka akikatiza, mbwa akamkimbilia, yule mtu anaburutwa barabarani. Kwa hiyo walitaka mbwa akue akimwona paka kama anavyoiona meza.

Sisi tulikuwa na paka wa kijivu, jike, tuliyemwita Shangazi, kwa kuwa alikaa katikati ya sebule akitukagua kama shangazi aliyekuja kuona kaka yake ameoa mtu wa namna gani. Tulikuwa pia na simbilisi wawili wa binti yetu Upendo, wanyama wadogo kama panya wanene wasio na mkia, ndani ya kasha jikoni. Simbilisi hao walikuwa wakipiga kelele kila jokofu linapofunguliwa, wakijua karoti inakuja. Mbwa wote niliowalea walijifunza kutoka kwao. Nilikuwa na mbwa aliyekuwa mtiifu mbele ya gari la zimamoto, lakini ukigusa mlango wa jokofu, hata awe chumba cha mwisho, anafika kabla taa ya ndani haijawaka.

Mbwa wangu wa kwanza nilimpokea vibaya. Nilimbeba Shangazi mikononi nikamshusha mbele ya pua ya mtoto wa mbwa, kama mtu anayetambulisha wachumba. Shangazi alimkwaruza yeye puani na mimi kiganjani, kwa mpigo mmoja. Holger alikuja kukagua, akatuona sote wawili tumebandikwa plasta, akauliza, "Nani anamlea nani hapa?"

Halafu akavua koti akanifundisha. Paka apewe mahali pa juu, kabati au dirisha, ambapo mbwa hafiki, na chakula chake kiliwe huko huko. Mlango wa bafu utiwe ndoano ili ubaki wazi kidogo, paka apite, mbwa asipite, kwa sababu ndani ndimo lilimo sanduku la mchanga la paka, na sitawaficha: mtoto wa mbwa anayaona yaliyomo humo kama pipi. Mbwa atembezwe kwanza mpaka achoke, ndipo aonane na paka. Mbwa aliyechoka ana adabu. Avae kamba hata ndani ya nyumba. Na kamwe, hata siku moja, hata kwa mchezo, asiachwe kumkimbiza kiumbe yeyote mle ndani. Watoto wanacheka mbwa akimfukuza sungura chini ya kochi. Mbwa naye anaona kumbe amefanya la maana.

Yote hayo nilikuwa nimeshayajua vizuri alipokuja Runa.

Runa alikuwa labrado mweusi, jike, mwenye macho ya mtu anayesikiliza. Sijawahi kulea mbwa mwepesi kujifunza kama yeye. Ngazi, mabehewa ya treni, sakafu za vyuma zenye matundu, kengele za kanisa, vyote alivipokea kama habari njema. Na Shangazi, ambaye mbwa waliotangulia aliwavumilia tu, alimpenda. Jioni ya siku ya tatu au ya nne alishuka mwenyewe kutoka kwenye kabati, akamnusa masikio, akaanza kumlamba. Tangu siku ile walilala kikapu kimoja. Runa alipokua, kikapu kikawa hakiwatoshi, Shangazi akawa analala juu ya mgongo wake.

Tulifurahi sana. Niliwaita majirani waje kuona. Nilimwita hata Shabani.

Shabani alikuwa rafiki wa Zakaria, mtu wa Tanga, walifika kwenye mafunzo pamoja. Alikuwa Mwislamu wa kushika dini, na mbwa ndani ya nyumba lilikuwa jambo gumu kwake. Kila alipokuja nilimfungia mbwa chumbani, nikafuta sakafu, nikamtolea kikombe na sahani nilizomwekea peke yake, na mkeka wa kuswalia nilioufungia kabatini. Watanzania wengine walitucheka kwamba tumekuwa Wazungu, tunalala na mbwa. Shabani hakucheka hata mara moja. Aliniambia, "Shemeji, mimi sina ugomvi na mbwa. Nina udhu." Basi, tukaheshimiana hivyo. Siku ile alimtazama Runa kwa mbali kupitia mlango wa kioo, paka amelala juu yake, akasema, "Huyo paka ndiye mwenye cheo." Yeye mwenyewe alifuga paka, dume jekundu lenye kichwa kikubwa, aliyemwita Sultani, na alimbeba ndani ya koti kama mtoto.

Matatizo yalianza Runa alipokaribia mwaka. Asubuhi moja nilikuwa naye karibu na uwanja wa maduka wa Hagsätra, amevaa mkanda wa mazoezi. Paka mweupe alikuwa amekaa juu ya ukuta upande wa pili wa barabara. Runa akamwona. Hakubweka wala hakukunja uso. Aliinua mkia, akautingisha kwa furaha yote aliyokuwa nayo, akavuka barabara moja kwa moja kwenda kumsalimia. Mimi nyuma yake nikivutwa kama mfuko wa viazi. Tarishi wa baiskeli alitukwepa akaangukia kwenye kichaka, na maneno aliyoyasema ni Kiswidi ambacho hakikufundishwa kwenye kozi yangu.

Nilidhani ni ajali ya mara moja. Haikuwa. Kila paka wa Hagsätra alikuwa sasa ni ndugu wa Shangazi, na kila ndugu alistahili salamu.

Holger akaja, akatembea naye, akarudi uso umemshuka. "Naomi," aliniambia, "kwa mtu asiyeona, mbwa anayewachukia paka na mbwa anayewapenda paka ni mbwa yule yule. Wote wawili wanamvuta mpaka barabarani." Alijaribu njia yake ya zamani, kamba na sauti. Runa alilala chini, akageuza uso. Kesho yake aliiogopa kamba, na siku iliyofuata akamwogopa Holger. Mapenzi kwa paka yakabaki pale pale.

Holger akasema tusubiri mpaka majira ya kuchipua, na kama hatabadilika, atolewe apewe familia yoyote ya kawaida. Nilijua maana yake. Mbwa waongozaji walikuwa wachache, na orodha ya wanaosubiri ilikuwa ndefu. Na mtu aliyekuwa amepangiwa Runa nilikuwa nimeshamsikia.

Jina lake Gunvor. Alikuwa mwendesha mitambo ya simu, mtu wa kuzipokea simu na kuziunganisha, kwenye kiwanda cha dawa cha Södertälje, mwanamke wa makamo, mwembamba, nywele zimekatwa fupi. Aliwahi kuwa na mbwa mwongozaji kabla. Mbwa yule alimwona paka siku ya barafu, akaruka, na Gunvor akaanguka, akavunjika nyonga. Alikaa hospitali muda mrefu, akajifunza kutembea upya, akarudi kazini kwa fimbo nyeupe. Kwa miaka kadhaa alikataa mbwa. Sasa alikuwa amekubali kujaribu tena, kwa sharti moja: mbwa awe amelelewa pamoja na paka.

Ilibidi aambiwe ukweli. Holger alimpigia simu akiwa nyumbani kwangu, nami nikasikia upande mmoja tu. "Hapana... Si kwamba anawafukuza... Anawapenda... Ndiyo, anawapenda." Halafu akafunika simu kwa kiganja, akaniangalia kwa mshangao. "Anataka kuja hapa. Jumamosi."

"Kufanya nini?"

"Anasema anataka kukutana na paka."

Utaratibu wa shule ulikuwa kwamba mtu hakutani na mbwa wake mpaka mafunzo yaishe. Jumamosi ile Holger alimweleza utaratibu huo mlangoni pangu, kwa heshima, kwa kirefu. Gunvor alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, kisha akasema, "Holger, wewe umeshawahi kuangushwa na mbwa?"

"Mara nyingi."

"Ukiwa huoni ardhi iko wapi?"

Holger akasogea pembeni, akampisha.

Alichofanya Gunvor siku ile sijakisahau. Aliomba Runa avishwe mkanda wenye mpini. Aliomba Shangazi alazwe katikati ya korido, mahali anapopenda, sakafuni linapopita bomba la kupasha nyumba joto. Halafu yeye akasimama mlangoni, nyonga ile mbovu imeegemea kitasa kidogo, akasema, "Fram," yaani mbele.

Runa alikwenda hatua chache, akamkuta Shangazi, akainama kumlamba. Mpini ukashuka, Gunvor akayumba. Nilinyoosha mikono kumdaka. "Usiniguse," alisema, si kwa ukali. Akajiweka sawa. Akasimama. Hakuvuta kamba wala hakusema neno. Alisimama tu, kama mtu anayesubiri basi lake na anajua litakuja. Runa alilamba sikio moja la Shangazi, akalamba la pili. Gunvor alisimama. Mwishowe Runa akainua kichwa, akageuka kumtazama huyu mgeni ambaye haendi na hagombi.

"Amegeuka," nilinong'ona.

"Najua. Nimesikia shingo yake kwenye mpini." Akampa kipande cha ini. "Duktig," akamwambia, yaani hodari. "Fram."

Wakampita paka. Wakafika jikoni, simbilisi wakapiga kelele, Runa akaelekea kwenye jokofu, na sote tukacheka, Gunvor kuliko wote.

Alikuja Jumamosi zote za majira yale ya baridi, kwa treni kutoka Södertälje, kisha kwa treni ya chini ya ardhi mpaka mwisho wa njia, na fimbo yake, kwenye theluji. Nilipomwonea huruma alikataa huruma yangu kama mtu anavyokataa sukari kwenye chai. Aliniambia, "Mbwa wangu wa kwanza alifundishwa kwamba paka hayupo. Siku paka alipokuwepo, hakuwa na la kufanya. Huyu anajua paka ni nini. Nataka tu ajue na mimi ni nani."

Holger naye alikuja kila Jumamosi. Mwanzoni alisimama ukutani amekunja mikono. Kisha akaanza kuuliza maswali. Kisha nikamwona na ini mfukoni mwa koti, limelowesha kitambaa, yule mtu aliyekuwa akisema mbwa hapaswi kulipwa kwa kutimiza wajibu wake. Siku moja mbwa mwingine wa shule alikosea mbele yake, na nikaona mkono wake mkubwa unaanza kuvuta kamba, ukasita, ukalegea. Akasimama kimya, akasubiri. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote.

Shida ilikuwa moja: Shangazi alikuwa paka mmoja, na Runa alikuwa amejifunza kumpita Shangazi tu. Tulihitaji paka wengine. Kwa hiyo niligonga milango. Mnawajua Waswidi, mnaweza kuishi nao jengo moja mkisalimiana kwa kichwa tu mpaka mzeeke. Lakini nilipowaambia kwamba kuna mama haoni, na naomba paka wao akae kwenye ngazi kwa muda, milango ilifunguka. Dereva wa tramu mstaafu wa ghorofa ya chini alimleta paka wake mnene ndani ya kikapu cha uyoga. Mwalimu wa muziki aliwaleta wawili waliochukiana. Ngazi yetu Jumamosi ilikuwa na paka kila ghorofa, wenye paka wamekaa kando na chupa zao za kahawa, na katikati yao anapanda Gunvor na Runa, wanashuka, wanapanda. Majirani ambao hawajawahi kusemezana wakawa wanajadili samaki gani anamfaa paka mwenye tumbo baya.

Zakaria alimsimulia Shabani. Wakati huo Shabani alikuwa amehamia Tensta, kwenye majengo mapya, ng'ambo kabisa ya mji. Jumamosi iliyofuata tukasikia hodi. Alikuwa yeye, na Sultani amechomoza kichwa kwenye kola ya koti. Alipanda basi mpaka Spånga, akashika treni mpaka mjini, akashika nyingine mpaka kwetu, na yule paka kifuani njia nzima.

"Mbwa simgusi, shemeji," alisema. "Lakini paka ninaye."

Nilimwonyesha mahali pa kukaa, mbali na njia ya Runa, akakaa kwenye ngazi ya juu, mgongo umenyooka, Sultani miguuni pake. Gunvor alipofika karibu alisimama akauliza ni nani pale. Shabani akajibu kwa Kiswidi chake cha kiwandani. Wakazungumza juu ya paka. Tangu siku ile hakukosa, isipokuwa alipokuwa na zamu.

Majira ya kuchipua Runa alichukuliwa shuleni. Mwishoni mwa kiangazi Holger akanipigia simu. Mtihani wa mwisho wa Runa na Gunvor ungefanyika Hagsätra, sio mjini, kwa kuwa Hagsätra ndiko anakowajua paka kwa majina, na kama atashindwa, ashindwe pale. Mimi sikuruhusiwa kuwa karibu. Harufu yangu ingemvuruga. Nilisimama ndani ya duka la mkate nikitazama kupitia kioo. Shabani aliombwa akae kwenye benchi na Sultani ndani ya kikapu kilichofungwa, kama paka wa mwisho wa njia.

Niliwaona wakija kutoka upande wa kituo. Gunvor alitembea wima, na usingejua kwamba nyonga yake iliwahi kuvunjika. Runa alipita chini ya paka wa mwalimu wa muziki bila kuinua macho. Alimpita paka wa dereva wa tramu. Holger alikuwa nyuma yao, mbali, kofia mkononi.

Ndipo kifuniko cha kikapu kikafyatuka. Sultani akachomoka kama amerushwa. Alikimbia moja kwa moja kwa rafiki yake wa ngazini, akampita Runa chini ya kidevu, nywele zao zikagusana, kisha akatimua mbio kuingia barabarani. Na basi lilikuwa linakuja.

Niliona mwili wote wa Runa ukiinama mbele. Mkia ukapanda. Nilipiga kioo kwa kiganja, na mwuza mkate akanishika bega. Gunvor hakujua kuna nini. Baadaye aliniambia mpini ulitetemeka mkononi mwake kama mtambo wa simu wenye wateja wengi kwa pamoja, naye hakujua ni nani anayepiga. Alikuwa na nafasi ya kuuachia mpini, aanguke kwa hiari yake kabla hajaangushwa. Mtu aliyevunjwa mara moja angefanya hivyo. Yeye alisimama. Shabani ndiye aliyekuwa karibu, ndiye aliyesikia alichosema. Alisema polepole, "Niko hapa."

Runa akaketi. Pale ukingoni mwa barabara, anatetemeka, anamtazama paka anayempenda akikimbilia kwenye magurudumu, akaketi chini, na mwili wake ukamzuia Gunvor asisogee. Basi likapita likipiga honi. Upepo wake ulipeperusha skafu ya Gunvor.

Shabani alikuwa ameshakimbia. Alivuka nyuma ya basi, akalala kifudifudi barabarani, akaingiza mkono chini ya gari lililoegeshwa. Alipotoka alikuwa na oili mpaka kiwiko, na Sultani mzima, amekasirika, amemng'ang'ania kola. Akarudi. Alisimama mbele ya Gunvor akihema.

"Mama," alimwambia, "mbwa wako ana adabu kuliko paka wangu."

Gunvor aliuliza, "Yu salama?"

"Salama."

Hapo ndipo alipoinama, akamshika Runa kichwa kwa mikono miwili. Holger alifika, akavaa kofia, akaivua tena. Nilimwona anafuta pua kwa kiganja kilichotoka kwenye mfuko wa ini. Alipoingia dukani kuniambia Runa amefaulu, alinuka kama bucha.

Shabani alikuja kwangu jioni. Runa alikuwa amemgusa kwenye koti walipopishana. Alilivua mlangoni, akanikabidhi. "Hili la kufuliwa, shemeji," alisema. "Lakini silalamiki."

Sasa niwaambie lile msiloambiwa mnapojaza fomu. Kulea kuna mwisho. Mbwa akishakabidhiwa, mlezi anakaa mbali kwa miezi, asimpigie mluzi, asimtembelee, mpaka mbwa amzoee mtu wake mpya. Nyumba inakuwa kubwa. Unapofungua jokofu simbilisi wanapiga kelele, na hakuna miguu inayokuja mbio.

Nilishika amri hiyo. Lakini jioni moja ya baridi nilikwenda Södertälje kumpokea Zakaria kazini, tulikuwa na mwaliko. Nilisimama kwenye jukwaa la treni, watu wametoka viwandani, wengi, kila mmoja na haraka yake. Na katikati ya watu nikawaona. Gunvor na Runa, wanakuja upande wangu. Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwao.

Sikuwa na pa kwenda. Nyuma yangu ukuta, kando yangu watu. Nikasimama nilipo, nikafunga mdomo, nikashika pumzi kama vile hilo lingezuia harufu. Runa aliinua pua. Nilimwona akiipata, masikio yakainuka, macho yakatafuta kwenye miguu ya watu, yakapanda, yakanikuta. Mkia ulipiga mara moja.

Kisha akapima nafasi. Kama anavyopima nguzo, kama anavyopima mkokoteni wa mizigo, akapima upana wangu na upana wa Gunvor, akamchukua kwa upande, taratibu, akamzungusha. Aliacha nafasi ya kutosha hata mkono wa koti lake usiniguse. Gunvor alihisi kuna mtu pale, kama wanavyohisi wasioona. Akainamisha kichwa kidogo na kuniambia samahani, kwa adabu, kama anavyomwambia mgeni yeyote. Sikujibu. Angeijua sauti yangu.

Mlango wa treni ukafunguka, wakaingia, Runa akamtafutia kiti.

Zakaria alinikuta nimeegemea ukuta. Alitazama uso wangu, akatazama huku na huku kumtafuta mkosaji. "Mama Upendo, nani kakufanya nini?"

"Nimepitwa na Runa," nilimwambia. "Amenipita vizuri sana."